Mchora Mandhari Anapochora Vitabu vya Watoto: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nimechora mandhari kwa miaka mingi kuliko nilivyochora vitabu, lakini maswali ninayoletewa karibu yote yanahusu vitabu. Wengi wanaouliza ni wachoraji wenzangu. Wana turubai za milima na mito zimeegemea ukutani, wana hamu ya kujaribu kazi ya watoto, na wana hofu nayo. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mara. Pale swali lilipobeba uzito nimejibu kwa kirefu.

Mchora mandhari ana nini cha kumpa mtoto?

Ana mahali pa kumpeleka.

Vitabu vingi vya watoto vina wahusika wazuri waliosimamishwa mbele ya pazia: mti mmoja, jua la duara, ukanda wa kijani chini. Mtoto hulitazama pazia hilo mara moja, basi. Mchora mandhari anajua kwamba kilima kina upande wa nyuma, kwamba mto unatoka mahali na unaelekea mahali, kwamba kivuli cha asubuhi hulala upande mmoja na cha jioni upande mwingine. Akiyaweka hayo kwenye ukurasa, hadithi inapata ardhi ya kukanyaga.

Mtoto asiyejua kusoma bado anaisoma picha. Mtu mzima anapomsomea maneno, macho ya mtoto yanatembea: yanafuata njia, yanapanda mawe, yanauliza kuna nini nyuma ya kile kichaka. Kwa hiyo kabla sijagusa rangi najiuliza picha hii ina pa kuingilia wapi. Inaweza kuwa kijia, daraja, lango lililoachwa wazi, hata mstari wa mawe yanayovuka kijito. Turubai ya ukutani inaweza kuwa na mwamba mkubwa mbele unaomzuia mtazamaji asisogee, na ikawa kazi nzuri ajabu. Ukurasa wa mtoto ukimzuia hivyo, anageuza karatasi aende zake.

Kuchora vitabu vya watoto hakumshushii mchoraji hadhi?

Swali hili linaniuma, kwa sababu nimeona vipaji vikubwa vikiikimbia kazi hii kwa hofu ya kuchekwa na wenzao.

Mtazame Edward Lear, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1812. Alianza na ndege: kati ya mwaka 1830 na 1832 alitoa michoro ya kasuku ambayo wataalamu wa ndege wanaiheshimu hadi leo. Kisha akageukia mandhari, akasafiri Italia, Ugiriki, Misri na India akiwa na penseli na rangi za maji, na akaacha maelfu ya picha za safari hizo. Mwaka 1846 alimfundisha Malkia Victoria kuchora. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha mashairi ya kuchekesha chenye michoro yake ya mistari michache, akakitoa kwa jina la bandia. Aliyezivuka bahari kutafuta milima anakumbukwa na ulimwengu kwa michoro ya watoto, na milima yenyewe nayo sasa inathaminiwa. Hakuna upande uliouharibu mwingine.

Au Mswisi Alois Carigiet (1902–1985). Alikuwa na kazi iliyofanikiwa ya usanifu wa matangazo mjini Zürich, akaiacha akahamia milimani kuchora alichokiona. Mwandishi Selina Chönz alimfuata akiwa na hadithi ya mtoto wa kijiji cha mlimani, na mwaka 1945 kikatoka kitabu chao, *Schellen-Ursli*. Theluji yake ni ya mtu aliyeikanyaga. Mwaka 1966, tuzo ya kimataifa ya vitabu vya watoto ya Hans Christian Andersen ilipoanza kutolewa kwa wachoraji, yeye ndiye aliyeipokea wa kwanza.

Nchini Norwei, Theodor Kittelsen (1857–1914) alichora misitu na maziwa ya nchi yake, na mazimwi ya hadithi za kale akayatoa katika ardhi hiyohiyo. Zimwi lake lina miti ya misonobari mgongoni, na ukilitazama vizuri huoni kilima kinaishia wapi na zimwi linaanzia wapi. Hilo lisingewezekana kwa mchoraji asiyeujua msitu.

Sijui kuchora watu. Niache?

Usiache. Anza na watu walio mbali. Katika mandhari ulishazoea kuweka mtu mdogo njiani ili mlima uonekane mkubwa. Mtu huyo ndiye mhusika wako wa kwanza. Mchore mtoto akiwa amekupa mgongo, anatazama kile unachokitazama wewe. Mgongo wa mtoto una hisia nyingi kuliko watu wanavyodhani: mabega yaliyopanda, shingo iliyoinama, mguu mmoja ulio tayari kukimbia.

Kazi ngumu zaidi ni kumfanya mhusika awe yuleyule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi humchora kwanza kwenye karatasi moja akiwa mbele, ubavuni na nyuma, amekaa, anakimbia, analia, kisha nabandika karatasi hiyo mbele ya meza. Wengine humfinyanga kwa udongo, wakamzungusha kwenye mwanga wa taa. Pima pia urefu wake dhidi ya kitu kisichobadilika, kama mlango au ua. Watoto ni wakaguzi wakali: kofia yenye mistari mitatu ikipata mistari minne ukurasa unaofuata, watakuambia.

Kazi ya kitabu huanzia wapi na kuishia wapi?

Huanzia kwenye mswada. Mhariri anakutumia maneno, mara nyingi machache mno, nawe unayasoma mara kadhaa bila penseli mkononi. Maneno ya kitabu cha picha huacha mianya kwa makusudi. Mwandishi akisema tu kwamba waliondoka asubuhi, ni wewe utakayeamua kama kulikuwa na ukungu.

Kisha inakuja hesabu ya kurasa. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, na sababu yake ni ya kiwandani. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, hukunjwa na kukatwa, na mikunjo hiyo huzaa kurasa 8, 16 au 32. Ukitoa ukurasa wa jina la kitabu, wa hakimiliki na pengine wa kutabaruku, hadithi inabakiwa na takriban jozi 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana. Hapo ndipo ulimwengu wako wote unapotakiwa kuenea.

Chora visanduku vidogo, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kimoja kwa kila jozi, vyote kwenye karatasi moja. Usichore maelezo, weka giza na mwanga tu. Sasa tazama mwendo. Je, kila jozi inaonekana kutoka umbali uleule? Hilo ndilo kosa kubwa la sisi wachora mandhari: tunasimama mbali daima, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusimama. Kitabu kinataka usogee, uiname, upande juu ya mti, uingie chini ya meza, kisha baada ya kurasa nne za ukaribu umfungulie mtoto bonde lote kwa mara moja. Bonde hilo litamshtua kwa sababu ulimbana kwanza.

Hapa ndipo nilipojifunza somo kubwa kuliko yote. Turubai ina wakati mmoja. Kitabu kina kugeuza ukurasa, na kugeuza ukurasa ni kupita kwa muda. Ukionyesha mto ukurasa wa kushoto na maporomoko ukurasa wa kulia, mtoto ameyaona yote pamoja. Ukionyesha mto, kisha povu dogo pembeni kulia, kisha ukamwacha ageuze, maporomoko yanamwangukia.

Baada ya visanduku huja rasimu za penseli kwa ukubwa kamili, zinaenda kwa mhariri na msanifu wa kurasa, zinarudi na maoni. Usianze rangi kabla rasimu hazijakubaliwa. Niliwahi kuwa na haraka, nikamaliza anga lenye mawingu mazito niliyoyapenda, kisha nikaambiwa maneno yatakaa palepale juu ya mawingu. Herufi hazikusomeka. Nililazimika kuchora upya ukurasa mzima, na wiki mbili zikapotea. Tangu siku hiyo naandika maneno ya hadithi kwa penseli kwenye kila rasimu, mahali pake, kwa ukubwa unaokaribia wa kweli.

Kazi nzima, kuanzia mswada hadi picha za mwisho, inaweza kula miezi sita hadi mwaka. Na baada ya kukabidhi, kuna miezi mingine ya usanifu na uchapaji kabla hujakishika kitabu mkononi.

Rangi nilizopaka zitatoka vilevile kitabuni?

Hapana, na ni vizuri kulijua hili mapema kuliko kulililia baadaye. Kiwanda huchapa kwa wino wa aina nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Vidoti vya wino huo hudanganya macho hadi tuone rangi nyingine. Lakini baadhi ya rangi zako haziwezi kufikiwa na mchanganyiko huo. Buluu ya ultramarini hupoa, kijani kinachong'aa hufubaa, rangi ya chungwa kali hupoteza moto wake, na rangi za kumeremeta usiku huwezi kuzipata kabisa bila wino maalumu.

Dawa yangu ni kuitegemea tofauti ya giza na mwanga kuliko ukali wa rangi. Picha yako ukiipiga kwa kamera ukaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, na bado ukaona njia ilipo, mlima ulipo na mtoto alipo, basi kiwanda hakitaiua. Omba pia nakala ya majaribio ya kuchapa, uitazame mchana karibu na dirisha.

Umbali nao una kanuni yake. Hewa husambaza zaidi nuru ya buluu, ndiyo maana milima ya mbali huonekana ya samawati na hafifu. Kitabuni lizidishe hilo kidogo, kwa sababu wino kwenye karatasi hubana tofauti ndogondogo ambazo jicho liliziona kwenye turubai.

Mafuta, maji au akriliki?

Chochote unachokimudu. Nitasema tu yanayohusu muda. Rangi za mafuta hukauka kwa kushika oksijeni ya hewani, si kwa kupotewa na maji, kwa hiyo huchukua siku au majuma kabla ya kuguswa, na tabaka nene huhitaji miezi. Ratiba ya mchapishaji haina subira hiyo. Akriliki hukauka ndani ya dakika. Rangi za maji zinapendwa sana vitabuni kwa sababu weupe wa karatasi unang'aa kupitia kwenye rangi, na kwa sababu karatasi tambarare ni rahisi kuskaniwa. Mimi hutumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, isikunjamane.

Ukitumia mafuta, usipake vanishi kabla ya kupiga picha kazi yako: mng'ao wake utakuharibia kila kitu.

Na nunua rangi zisizofifia, hata kama unachora kwa ajili ya kitabu tu. Kwenye lebo za rangi nyingi kuna daraja la uimara dhidi ya mwanga. Tafuta daraja la I au II. Alizarini nyekundu ya asili, kwa mfano, hufifia ikikaa kwenye mwanga. Picha ya kitabu leo ni picha ya ukutani kwa mtu kesho.

Nichore kwa ukubwa gani?

Ukubwa wa kitabu wenyewe au zaidi kidogo, mpaka mara moja na nusu. Ukizidi hapo, alama za brashi ulizozipenda zitapotea picha itakapopunguzwa. Acha milimita 3 au zaidi za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kiwanda. Uskaniaji uwe wa vidoti 300 kwa inchi kwa ukubwa wa kuchapwa. Picha ya jozi yenye upana wa sentimita 40 inahitaji karibu pikseli 4,700 kwa upana.

Kumbuka mshono wa katikati. Unameza. Usiweke uso wa mtu hapo, wala mwezi, wala shina la mti uliobeba picha nzima.

Mandhari ya kitabu lazima yawe ya mahali halisi?

Si lazima, lakini yawe yametoka kwenye kutazama kwa kweli. Beatrix Potter, aliyeandika na kuchora hadithi za sungura kwa ajili ya watoto, alichora vijia, kuta za mawe na bustani za Lake District nchini Uingereza kwa uaminifu kiasi kwamba sungura aliyevaa koti anaaminika. Kila kitu kinachomzunguka ni cha kweli, ndiyo maana tunamkubali yeye. Mapenzi yake kwa ardhi ile hayakuishia kwenye karatasi: alipofariki mwaka 1943 aliiachia taasisi ya hifadhi ya National Trust zaidi ya ekari 4,000.

Mimi hutoka na daftari dogo hata ninapochora bonde la kubuni. Nachora jinsi mizizi inavyoshika ukingo wa mto, jinsi nyasi zinavyolala baada ya mvua. Kisha narudi ndani, naunda bonde ambalo halipo, kwa vipande vilivyopo. Urahisi huu wa kutoka nje tunadaiwa na uvumbuzi mdogo: mwaka 1841 mchoraji Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya mrija wa bati wa kubebea rangi. Kabla ya hapo rangi ya mafuta ilibebwa kwenye vibofu vya nguruwe.

Jambo moja ninalolisisitiza: chora ramani ya mahali pa hadithi, hata kama haitachapwa. Nyumba iko upande gani wa mto? Jua linachomoza wapi? Bila ramani, ukurasa wa 9 mlima utakuwa kushoto na ukurasa wa 15 utakuwa kulia, na mtoto atapotea.

Nitafanya kazi bega kwa bega na mwandishi?

Mara nyingi hapana. Wachapishaji wengi hupitisha mawasiliano yote kwa mhariri. Mwanzoni niliona ni baridi mno, lakini sasa naelewa: mwandishi akikuelekeza kila jani, picha zako zitakuwa zinarudia maneno, na kazi ya picha ni kusema kile ambacho maneno yameacha.

Nitalipwaje?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni malipo ya mkupuo: unalipwa mara moja, kitabu kikiuzwa nakala mia au milioni hupati zaidi. Ya pili ni mrabaha, yaani asilimia ya kila nakala inayouzwa. Kwa vitabu vya picha, mwandishi na mchoraji mara nyingi hugawana mrabaha nusu kwa nusu. Katika njia hii kwa kawaida unapewa malipo ya awali ambayo hukatwa kwenye mrabaha wako. Huanzi kupata zaidi mpaka mauzo yafidie kiasi hicho. Kitabu kisipouzwa vya kutosha, malipo ya awali hurudishi, mradi umekabidhi kazi kama mlivyokubaliana.

Usitie saini kabla ya kujua haya: unatoa haki kwa lugha zipi, kwa nchi zipi, kwa muda gani, nini kinatokea kitabu kikiacha kuchapwa, na nani ananufaika picha zikiwekwa kwenye vikombe, nguo au filamu. Kutoa leseni ya kuchapa si sawa na kuuza hakimiliki. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi zimejiunga nao, haki yako inaanza pale kazi inapozaliwa, bila kusajiliwa, na hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo chako. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Mkataba huohuo unalinda haki yako ya kutajwa kuwa mchoraji. Dai jina lako liwe juu ya jalada pamoja na la mwandishi. Mchoraji mwenzangu mmoja alikubali kukosa jina jaladani kwenye kitabu chake cha kwanza, na mchapishaji aliyefuata hakuamini kwamba kazi ile ni yake.

Picha halisi nilizozichora kwa mkono ni za nani?

Zako, isipokuwa umeziuza kwa maandishi. Anayenunua haki ya kuchapa hajanunua karatasi yenyewe. Andikeni kwenye mkataba kwamba zitarudishwa, na kwa hali gani. Ukiuza picha halisi kwa mtu baadaye, naye hapati haki ya kuichapa.

Galeri inayouza mandhari yangu itanikataa?

Baadhi zitasita, kwa hofu kwamba wanunuzi watachanganyikiwa. Nimeona njia moja inayofaa: onyesha kazi za kitabu katika maonyesho yaliyotengwa kwa ajili ya kitabu hicho tu, pamoja na visanduku, rasimu na daftari la nje. Watu husimama muda mrefu mbele ya rasimu. Wengi waliokuja na watoto wao kuangalia kitabu wameishia kusimama mbele ya turubai.

Nipateje kitabu cha kwanza?

Usitume turubai 20 za machweo. Mhariri anatafuta dalili kwamba unaweza kusimulia. Chukua hadithi ya kale isiyo na mwenyewe, uchore jozi tatu zinazofuatana, zenye mhusika mmoja, umbali tofauti na hali ya hewa inayobadilika. Ongeza picha moja ya watoto wakifanya kitu pamoja, na moja ya ndani ya nyumba, kwa sababu kila mtu atadhani huwezi.

Utakataliwa. Potter alikataliwa na wachapishaji kadhaa, akajichapia nakala 250 za kitabu chake cha sungura mwishoni mwa mwaka 1901. Mwaka uliofuata mchapishaji mmoja akakitoa kitabu hichohicho kwa rangi.

Nijuaje kama picha imefaulu?

Kaa na mtoto mmoja, mpe rasimu bila maneno, unyamaze. Usimwulize kama ni nzuri. Atasema ndiyo ili akufurahishe. Tazama kidole chake. Kikianza kutembea kwenye kijia, kikavuka daraja, kikafika ukingoni mwa karatasi na kusimama hapo kikisubiri ugeuze, nenda kaandae rangi.